Gazeti Limenisifu kwa Kazi Isiyo Yangu

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Moshi. Mwandishi mmoja alifika karakana, kisha akaandika kwamba nimebuni peke yangu, tena bila kusoma popote, mashine ya kupukuchua mahindi. Ukweli ni kwamba nilisomea uchomeleaji chuoni, mota tuliinunua dukani, na ngoma yenye meno aliichonga mwenzangu, ambaye tangu habari itoke hanisemeshi. Kazi yangu ni fremu inayokunjwa ili mashine ibebeke kwa bodaboda. Je, naweza kulalamika ilhali nimesifiwa?
Fundi, Pasua

JIBU: Ndugu fundi, unaweza, kwa sababu sifa ya uongo nayo ni habari ya uongo. Mwandikie mhariri wa gazeti hilo barua fupi, ukinukuu kila sentensi yenye kasoro kama ilivyochapwa na kuandika chini yake jinsi mambo yalivyo. Usimlaumu mwandishi aliyekutembelea kwa kichwa cha habari, maana mara nyingi hutungwa na wengine chumba cha habari. Wakikaa kimya, peleka malalamiko yako Baraza la Habari Tanzania, ambalo husuluhisha migogoro ya aina hii.

Waandishi wengi (nami nimo katika kazi hiyo) huvutiwa mno na habari ya mbunifu mmoja asiye na mwalimu wala msaidizi. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti (kurasa tunazofungua mtandaoni) mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, bado huandikwa kuwa ndiye aliyebuni intaneti, yaani mtandao wenyewe unaounganisha kompyuta, ilhali itifaki (kanuni za mawasiliano) zinazoiendesha zilitokana na kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn ya miaka ya 1970. Hapa jirani, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyebuni chujio la maji na kushinda kwalo mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, alieleza kwamba mchanga hunasa uchafu na bakteria lakini hauondoi floraidi, ndiyo maana katika chujio lake maji hupitishwa pia kwenye nanomata, yaani chembe ndogo mno zinazonasa kemikali. Anayeandika kwamba alibuni chujio la mchanga, basi, humpa kitu cha zamani na kumnyang'anya kilicho chake.

Nawe umefanyiwa hivyohivyo: fremu haikutajwa. Ianze hiyo katika barua, halafu ngoma na aliyeichonga, naye aisome kabla hujaituma.