Nyenje Wasionyamaza: Jibu kwa Mwalimu wa Wete

Shangazi, assalamu alaykum na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, nina miaka 39 na watoto watatu. Mwaka jana niliugua homa kali, nikachomwa sindano kwa siku kadhaa, na nilipoinuka kitandani masikio yangu yalikuwa yanalia kama nyenje, la kushoto zaidi kuliko la kulia. Hadi leo hayajanyamaza. Presha nimepimwa, ni nzuri. Masikio yametazamwa, ni safi. Nilivuka kwenda Unguja, nikapimwa usikivu na kuambiwa umepungua kidogo katika sauti nyembamba. Nilipouliza sababu, daktari alisema haijulikani, nitazoea. Mama mkwe anasema ni shetani, jirani anasema ni upepo, mume wangu anasema ni mawazo. Nimeacha kahawa, chumvi na pweza, na huziba masikio kwa pamba kutwa nzima. Usiku ndio balaa. Hata nikisimama kusali, huwasikia nyenje kuliko kisomo changu. Ajabu ni kwamba juzi tulipokaa kuchambua karafuu sikuwasikia kabisa, mpaka nilipokwenda kulala. Sababu ni nini, Shangazi? Nahisi nikiijua tu, nitapona.
Mwalimu, Wete

Waalaykumu salaam, na marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho, kwa sababu nyumbani kwangu niliishi na mtu ambaye sababu aliijua tangu siku ya kwanza.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashine za boti kule Mkoani. Kwa zaidi ya miaka 20 alishinda ndani ya chumba cha injini bila ya kuziba masikio, na alipofika makamo yakaanza kumpigia mluzi. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Hata hivyo, mwaka ule wa kwanza nilikuwa nikiamka usiku wa manane nikamkuta barazani, ameinamisha kichwa na viganja viwili vimeyafunika masikio, kwa kuwa kujua kwamba ni injini hakukumpunguzia mluzi hata chembe. Sikuelezi haya ili uache kutafuta. Nakueleza ili utenganishe mambo mawili ambayo katika barua yako yameshikana: ipo sababu ambayo ukiijua itabadilisha la kufanya, na ipo sababu ambayo mtu huitafuta akidhani kwamba jina lake ndilo dawa. Ya kwanza ifuate mpaka mwisho. Hiyo ya pili inakula usingizi wako bure.

Kwanza nikwambie kwamba hukurudi kutoka Unguja mikono mitupu kama unavyodhani. Sikio la ndani lina kijumba kilichojikunja mfano wa gamba la konokono, na humo vimejipanga vijinywele vidogo mno ambavyo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo. Vijinywele hivi vikifa, kwa kelele, kwa umri, kwa maradhi au kwa dawa, havioti tena. Na ubongo, ambao umezoea kupokea habari kutoka pale, hujikaza kuisikiliza ile sehemu iliyonyamaza, kama mtu anayezidisha sauti ya redio kwa kuwa stesheni haishiki, na anachopata ni mvumo mtupu. Mara nyingi mlio hufanana na zile sauti ambazo sikio limepungukiwa. Wewe umepungukiwa sauti nyembamba, na nyenje ni sauti nyembamba. Kwa hiyo mahali penye kasoro pamekwisha kuonekana, na kilichobaki hakijulikani ni kile kilichopaharibu. Daktari wako angeweza kukueleza hivyo kwa dakika mbili zaidi, nawe ungerudi Pemba na moyo mwingine.

Katika utafutaji wako naona mambo machache ambayo hayajakamilika, na ningependa uyakamilishe kabla ya kitu kingine chochote. Lililo zito ni lile sikio la kushoto. Mlio ulio sawasawa masikio yote mawili, kwa mtu aliyepungukiwa usikivu, kwa kawaida hauna jambo la hatari nyuma yake. Lakini unapoelemea upande mmoja, daktari wa masikio, pua na koo anatakiwa kulinganisha usikivu wa pande zote mbili, na tofauti ikiwa kubwa, aagize picha ya MRI, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ili kuhakikisha kwamba hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Uvimbe huo ni nadra, hukua polepole, na si saratani. Nautaja ili uulize swali hili waziwazi ukiwa na karatasi yako ya kipimo mkononi. Ukivuka tena, muulize daktari: "Sikio la kushoto na la kulia yanatofautiana kiasi gani?" Usitoke chumbani bila ya jibu.

La pili ni sindano. Tafuta kadi yako ya matibabu ya mwaka jana ulisome jina la dawa uliyochomwa. Zipo dawa zinazojulikana kuyagusa masikio. Wazee wetu waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaukumbuka vizuri mlio huo, ambao kwa wengi wao uliondoka dawa ilipokwisha mwilini. Aspirini kwa kipimo kikubwa hufanya vivyo hivyo. Jentamaisini na streptomaisini, ambazo ni sindano za kuua vijidudu, ni habari nyingine, kwani hizo zinaweza kuviua vijinywele vyenyewe. Sisemi kwamba ndizo ulizochomwa, na hata kama ndizo, huenda aliyekuchoma alikuwa anayaokoa maisha yako, na homa yenyewe nayo ingeweza kuliumiza sikio. Lakini ukiipata dawa ya namna hiyo kwenye kadi, utakuwa na neno la kumwambia kila daktari na muuguzi atakayekushika katika umri wako wote, ili wakupe dawa nyingine pale inapowezekana. Hiyo ndiyo sababu inayobadilisha la kufanya.

Ukiwa huko huko kwa daktari, pimwa wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wa damu huzidisha mvumo kwa baadhi ya watu na unatibika, na mweleze daktari kama unasaga meno usingizini au taya linakuuma, kwani kiungo cha taya ni jirani wa sikio. Baada ya hapo, mwanangu, funga daftari la kutafuta. Ukiambiwa kwamba kilichoviumiza vijinywele hakiwezi kujulikana, usianze kumzungukia kila anayeuza kichupa. Vile vidonge vya majani ya ginkgo vinavyotangazwa kwa ajili ya masikio havijathibitika kuwa na faida.

Utalifungua tena daftari hilo mara moja yakitokea haya: mlio ukaanza kwenda sambamba na mapigo ya moyo, ukashikwa na kizunguzungu cha kuona nyumba inazunguka, uso ukapooza upande mmoja, sikio likatoa usaha, au usikivu ukaporomoka kwa ghafla. Hili la mwisho ni la kukimbilia hospitali siku ile ile, si kusubiri boti ya wiki ijayo, maana dawa yake hufaa zaidi inapoanzwa katika siku za mwanzo.

Sasa pamba. Itoe leo. Najua unaona kwamba kelele ndizo zinazokuchokoza, lakini kadiri unavyolinyima sikio sauti za nje ndivyo ubongo unavyozidisha sauti ya ile redio yake. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wasiokuwa na malalamiko yoyote ya masikio katika chumba kisichopitisha sauti, na asilimia 94 kati yao walisema wamesikia mvumo, mluzi au mlio wa namna fulani. Hao ni watu wazima wa masikio! Wewe kila usiku, umeme ukikatika na mji wa Wete ukinyamaza kimya, unaingia chumba kile kile, tena ukiwa umejiziba kwa pamba juu yake. Ziba masikio pale tu inapostahiki, kama vile mbele ya spika za harusini au karibu na jenereta, kwa kuwa kelele za desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, zikiendelea kwa saa 8 zinatosha kudhuru, na zile za harusini huzidi hapo kwa mbali. Darasani, sokoni na nyumbani, acha masikio yapate chakula chake.

Usiku usilale katika ukimya. Washa feni, au redio ndogo ya betri kwa ajili ya siku za kukosa umeme, iweke karibu na mto, na uishushe sauti mpaka iwe chini kidogo ya mlio wako, pasiwe na haja ya kuufunika kabisa. Makusudio ni kwamba ubongo uwe na vitu viwili vya kusikia, ujifunze kuchagua. Ukizidisha redio mpaka nyenje wapotee, ubongo hauwezi kuwazoea wasiokuwepo. Ukiwa umelala macho kwa muda mrefu, inuka ukae mahali pengine mpaka usingizi urudi, kitanda kisije kikawa mahali pa kusubiria nyenje. Muulize pia mtaalamu wa usikivu kama kifaa cha kusaidia kusikia kitakufaa, kwa kuwa wengi waliorudishiwa sauti walizopungukiwa huona mlio umerudi nyuma.

Lakini katika barua yako yote, kilichonipa moyo ni zile karafuu. Naijua kazi hiyo: jamvi limetandikwa ukumbini, rundo bichi katikati, wanawake wamelizunguka, kila mkono unavunja vikonyo dhidi ya kiganja, karafuu huku na makonyo kule, na juu yake mazungumzo yasiyokatika mpaka pishi zihesabiwe. Nyenje wako hawakuondoka usiku ule. Walikuwepo, mkono ukaendelea na vikonyo, mdomo ukaendelea na hadithi, na ubongo wako wenyewe ukaamua kwamba hawastahili kusikilizwa. Jambo ambalo umekwisha kuliweza muda wote ule bila ya kukusudia halikuwa bahati, kwa kuwa ndivyo watu wengi wenye mlio huu wanavyokuja kuishi nao: mlio unabaki, lakini unapoteza haki ya kuitwa habari. Kuzoea huku huchukua miezi, hakuendi kwa mstari ulionyooka, na siku za uchovu au huzuni mlio huzidi. Ipo pia tiba ya mazungumzo, ambamo mtaalamu humsaidia mtu kuzitazama upya fikra zinazomtia hofu kila anaposikia mlio, na katika tiba zote za kupunguza dhiki yake hiyo ndiyo iliyothibitika zaidi. Ukihisi kwamba dhiki imekuzidi, au maisha yenyewe yamekuwa hayana ladha, mwambie daktari siku hiyo hiyo bila ya haya.

Mama mkwe wako usibishane naye. Akitaka usomewe, usomewe. Kisomo kinatuliza, na aliyetulia husikia nyenje kwa udogo wao. Kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, likinywewa, lisisimamishe safari ya hospitali, na mtu yeyote asikutie kitu sikioni, iwe mafuta ya moto, maji ya kitunguu au habasoda. Kahawa na pweza virudie kwa kiasi, kwa kuwa sioni katika barua yako kwamba kuviacha kumekupunguzia chochote, nawe umekwisha kunyimwa ya kutosha.

Mume wako anaposema ni mawazo, nadhani ana hofu kuliko dharau, maana hasikii unachokisikia na hana la kukusaidia. Nami nilimwambia wangu maneno hayo hayo, na hadi leo yananiuma. Siku moja kaa naye, umpigie kwa simu sauti ya nyenje, kwa kiwango kile kile unachokisikia, aisikilize kwa dakika tano huku akijaribu kusoma au kuhesabu fedha. Kisha umwombe jambo moja tu: asikuulize kila asubuhi kama mlio umeondoka, bali akuulize umelalaje.

Na kuhusu sala ya usiku, soma kwa sauti unayoisikia mwenyewe, taratibu, na feni ikizunguka. Nyenje wakikukatisha, usipigane nao na usianze upya. Endelea na aya iliyofuata.

Kadi yako ya matibabu, kama haipo kabatini, itazame katika mkoba uliokwenda nao hospitali, kwani huko ndiko karatasi za namna hiyo husahaulika. Ukiipata, niandikie jina la sindano, pamoja na jibu la daktari kuhusu sikio la kushoto.