Maswali ya Wasomaji: Hatifungani ya Kijani Inalipwa na Nani?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa mamlaka ya maji mjini. Wakubwa wamesikia habari za Tanga na wanataka nasi tukope kwa hatifungani ya kijani. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na bili. Hatifungani ni deni, iwe ya kijani (yaani ya kugharamia miradi ya mazingira) au isiwe. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliuza yake ya Sh53.12 bilioni kwa muda wa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi wakazidi kiasi kilichotakiwa. Anayelipa deni hilo ni mteja wa maji. Kwa riba hiyo, mkikopa Sh10 bilioni mtadaiwa Sh1.35 bilioni kila mwaka kabla ya kugusa deni lenyewe. Chukueni makusanyo halisi, si bili mlizotuma, kisha toeni umeme, dawa za kutibu maji, mishahara na matengenezo. Kinachobaki kikikaribiana na riba, acheni kwanza. Zibeni mabomba yanayovuja na mdai madeni ya taasisi.

Hesabu zikikubali, tafuteni mshauri wa uwekezaji mwenye leseni, hesabu zilizokaguliwa, vibali vya kukopa, na idhini ya CMSA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana) kwa waraka wa matarajio, yaani maelezo ya hatifungani wanayopewa wanunuzi. Ukijani unadai mambo manne: matumizi ya fedha yatajwe, miradi ichaguliwe kwa vigezo vilivyoandikwa, fedha zifuatiliwe kivyake, na ripoti itolewe. Mtathmini huru athibitishe hayo kabla ya kuuza.

Kosa linalouma zaidi ni kuuza kabla zabuni hazijaiva. Riba huanza kuhesabiwa siku ya kutolewa hatifungani, si siku mkandarasi anapoingia kazini. Sh10 bilioni zikikaa miezi 9 bila kazi, riba yake inapita Sh1 bilioni, na amana ya benki kwa kawaida hufidia sehemu tu.

Tena, pimeni leo: lita kwa siku, saa za mgawo, maji yanayopotea, umeme kwa kila mita ya ujazo. Bila takwimu za awali, ripoti yenu haitathibitisha lolote.

SWALI: Nikinunua hatifungani ya kijani au ya jamii (ya miradi ya huduma za jamii), halafu fedha zikaenda kwingine, nitarudishiwa mtaji wangu?

JIBU: Mara nyingi, hapana. Katika mikataba mingi, kuvunja ahadi ya kijani hakuhesabiwi kuwa kushindwa kulipa deni. Maadamu riba inalipwa, huwezi kudai mtaji kabla ya muda. Unaweza kuuza sokoni kupitia dalali kama hatifungani imeorodheshwa, ila pengine kwa bei iliyoshuka. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma sehemu ya matumizi ya fedha. Ukikuta “shughuli nyingine za kampuni” bila kiwango cha juu, muulize mtoaji kwa maandishi ni kiasi gani, na usilipe kabla hajajibu.