Kidole Gumba Juu ya Chuma

Wadogo zangu wa maabara ya meno, hamjambo.

Jana jioni nilikuwa nimekaa pembeni nang'arisha plati ya akriliki, jicho moja liko kwa kijana wetu mmoja. Kazi yake ilikuwa safi. Fremu imekaa kwenye modeli bila kucheza, kingo zimetulia, chuma amekipiga mchanga kwa shinikizo la hewa mpaka kikapata ule ukijivu uliofifia, hakuna doa linalong'aa. Nikajisemea, huyu mtoto anakuja. Basi akaisogeza ile fremu karibu na mdomo, akapuliza vumbi: fuuu! Kisha akapitisha kidole gumba juu yake, taratibu, kupima ukwaru. Halafu, kwa utulivu kabisa, akafungua chupa ya praima, ile dawa ya kushikisha resini kwenye chuma.

Sikupiga kelele, umri umenifundisha. Lakini usiku kile kidole kilinikatalia usingizi, kwa hiyo naandika.

Naongea na nyie mnaobandika resini ya rangi ya jino juu ya chuma: nyuso za krauni (kofia ya jino) na pontiki (jino la kuziba pengo), akriliki juu ya fremu ya kobalti-kromu, na ndugu zake. Kuchonga mnajua, kupanga rangi wengine mnanishinda, na sisemi hivyo kwa kuwapaka mafuta. Mnapoharibu ni kwenye zile dakika tano kati ya mchanga na opeka (lile tabaka la kuficha rangi ya chuma), ambazo hakuna mtu anayezipiga picha.

1. Ukishapiga mchanga, mkono kando.

Alumina ya mikroni 50, shinikizo la baa 2 hadi 3, umbali wa kama sentimita 1, na mkono utembee, usichimbe. Mchanga wa kubandikia uwe na chombo chake peke yake. Ule unaozunguka kwenye kutolea investimenti, yaani udongo wa kumiminia chuma, umeshabeba takataka za kazi zote za wiki, nanyi mnaupiga kwenye chuma kisha mnakiita kisafi.

Vumbi liondoeni kwa hewa kavu, na kompresa msiiamini kwa sababu tu inanguruma. Elekeza bomba kwenye kioo kwa sekunde kadhaa. Ukiona ukungu au tone la mafuta, hicho ndicho ulichokuwa unakipaka kwenye kazi zako tangu mwezi uliopita. Pumzi ina unyevu na mate. Kidole kina mafuta hata kama umenawa sasa hivi. Chuma kilichotoka kwenye mchanga kina njaa, kinashika chochote kitakachotangulia kukifikia, na kikitanguliwa na jasho lako praima haitapata pa kukaa. Kamata kwa kibano. Vibano viko mezani, jamani, havijafungiwa kabatini.

2. Soma fomu ya daktari, ujue chuma chenyewe ni kipi.

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini na kiburi cha mtu wa miaka ishirini. Likaja daraja la meno matatu ya mbele. Kuchonga nta na kumimina alishamaliza mwenzangu, mimi nikabaki na nyuso za resini. Chuma kilikuwa cheupe. Mwezi mzima nilikuwa nimeshinda na nikeli-kromu, nyeupe vilevile, basi kichwa kikajiandikia chenyewe: nikeli-kromu. Fomu ilikuwepo kwenye trei, chini ya modeli, imekunjwa mara mbili. Sikuikunjua.

Nafasi ya resini ilikuwa finyu. Mwenzangu alikuwa ameweka shanga za kushikia, vile vijiduara vya chuma juu ya fremu, nami nikaona zinanibana, opeka ikizifunika itanipandia juu mpaka rangi iharibike. Nikazisaga. Karibu zote. Siku hizo nilikuwa nimetoka kusoma habari za praima za fosfeti, jinsi MDP, fosfeti iliyomo ndani yake, inavyoshikana na ngozi ya oksidi iliyo juu ya aloi yenye kromu, nikaamini kwamba shanga ni mambo ya wazee. Nikapiga mchanga vizuri, nikapaka praima, nikaweka opeka, nikajenga resini, nikaivisha, nikang'arisha. Ilipendeza mno. Niliiweka dirishani niitazame kwa mwanga wa asubuhi, na daktari wa meno akapiga simu kusifia rangi.

Wiki ya sita simu ikalia tena. Uso wa jino la katikati umetoka mzima mzima, kama ganda la yai lililochemshwa. Mnajua nilichojibu? "Ameng'ata nini huyo?" Nilianza kwa kumlaumu mgonjwa, nikaja kwenye mkao wa meno yake, nikaishia kwenye chupa ya praima kwamba pengine imelala sana stoo. Mikono yangu haikuwemo kwenye orodha.

Kwa bahati daraja lilikuwa limefungwa kwa simenti ya muda, daktari akisubiri fizi zitulie, kwa hiyo lilitoka bila vita. Nikalirudia kwa njia ileile, tofauti ikawa moja tu: mchanga niliuongezea shinikizo na muda. Nilidhani tatizo ni ukwaru. Nikausukuma mpaka mkono ukafa ganzi, kuanzia juu mpaka kwenye kola nyembamba kabisa ya ukingo.

Safari hii halikumaliza hata mwezi. Likarudi, nyuso mbili zimetoka.

Fundi mkuu wetu, mzee asiyekuwa na maneno mengi, ndiye aliyelipokea. Hakuniuliza nimetumia praima gani. Alichukua ganda moja la resini, akaligeuza upande wa ndani, akaliweka chini ya lenzi, akanisogezea kiti.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Opeka, mzee."

"Yote?"

Yote. Imelala kwenye resini, laini, haina hata mkwaruzo. Kwenye chuma hakukubaki hata chembe.

"Sasa hapo nani amemwacha nani?"

Nikanyamaza. Opeka na resini walikuwa bado wameshikana. Chuma ndicho kilichokataa ndoa.

Akaniwekea lile daraja kwenye kiganja cha kulia. Akatafuta fremu ya nikeli-kromu yenye ukubwa unaokaribiana, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto. Hakusema kitu, alisubiri tu. Mkono wa kulia ulikuwa unashuka. Aloi ya palladi na fedha ina gramu 11 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, nikeli-kromu inazidi 8 kidogo tu. Nilikuwa nimelishika lile daraja siku nzima mara mbili na mkono wangu ulikuwa unajua, ila sikuuliza mkono. Ndipo mzee akatoa fomu chini ya modeli, akaikunjua, akanisomea kwa sauti, polepole, kama anamsomea mtoto: palladi, fedha. Mwandiko wa daktari, safi, tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo, mnaojiambia "praima ni praima", sikilizeni. Fosfeti inataka oksidi. Kobalti-kromu, nikeli-kromu na titani zinayo ya kutosha, ndiyo maana MDP inafanya kazi nzuri huko, pamoja na 4-META, ambayo si fosfeti lakini nayo inataka oksidi. Dhahabu, palladi na fedha hazivai oksidi ya namna hiyo. Hizo zinataka praima yenye salfa, kama VBATDT, kwa kuwa salfa inashikana na metali hizo moja kwa moja. Kuna chupa zinazobeba zote mbili, fosfeti na salfa, na kama maabara yenu inapokea kila aina ya aloi, hiyo itawaokoa. Njia nyingine ni kupiga chembe za alumina zilizovikwa silika kisha kupaka silani, kiunganishi cha silika na resini. Ukipaka silani juu ya chuma kitupu kisicho na silika umepaka maji ya baraka.

Mnadhani yaliishia hapo? Mzee alilikalisha daraja kwenye modeli, akaligusa kwa ncha ya kidole, likacheza. Ule mchanga wangu wa hasira ulikuwa umeila kola. Ukingo uko wazi, sindano ya kupimia inaingia bila kupiga hodi. Daraja zima likaenda kuchongwa na kumiminwa upya. Mgonjwa, mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, alikaa mwezi mwingine na meno ya muda yaliyokuwa yakivunjika kila mara, na kila yalipovunjika mzee alihakikisha yanaletwa kwenye meza yangu, na si kwa mtu mwingine yeyote, niyaunge. Mara nne. Ya nne kulikuwa na kikaratasi cha daktari: "Mgonjwa anauliza kama mnatania."

Tangu siku ile nabandika utepe kwenye trei na kuandika jina la aloi kwa kalamu nene kabla sijagusa chochote. Nikichekwa, nacheka nao.

3. Shanga si ushamba.

Resini na chuma havitanuki sawa. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, aloi zetu zinatanuka kama sehemu 14 katika milioni. Akriliki inakaribia 80, na kompoziti ziko hapo katikati kutegemea zimejazwa chembe za kioo kiasi gani. Sasa mtu anakunywa cha moto, kisha maji baridi, mara ngapi kwa siku, kwa miaka. Kila mara ule mpaka wa resini na chuma unavutwa na kusukumwa, na maji yanatafuta mwanya. Praima inazuia maji yasipenye. Shanga zinashika mzigo siku praima itakapochoka. Hata wale waliotuanzishia madaraja ya kubandika walitegemea umbo la chuma: Rochette mwaka 1973 alitoboa matundu kwenye bawa la chuma, na Livaditis na Thompson mwaka 1982 wakakila chuma kwa umeme na asidi mpaka kikawa na vijishimo vya kushikia.

Nafasi ikiwa finyu, weka shanga ndogo zaidi au chache zaidi, na rudi kwa aliyechonga nta mzungumze. Usizisage kimyakimya kama mimi.

Na ukingo ambapo resini inakutana na chuma uchongwe wima, nyuzi 90 hivi. Resini iliyolambwa juu ya chuma mpaka ikaisha kwa unyembamba itanyanyuka na kuingiza weusi.

4. Opeka si rangi ya ukuta.

Paka tabaka jembamba, ivisha kwa taa, paka la pili, ivisha tena. Opeka kazi yake ni kuzuia mwanga usifike kwenye chuma, sasa ukiipaka nene unategemea taa ipitie wapi? Juu itakuwa ngumu, chini uji. Kuna dada mmoja hapa kwetu, simtaji, anajijua, alipaka tabaka moja nene kwa sababu kazi ilikuwa ya kuondoka saa kumi. Iliondoka saa kumi kweli. Iliporudi, opeka ilikuwa nusu kwenye chuma na nusu kwenye resini, na ile ya kwenye chuma ilikwanguka kwa ncha ya kisu kama jibini. Linganisheni na ganda langu la namba 2: hapa chuma hakina kosa, opeka ndiyo iliyogawanyika. Kwa hiyo kazi ikirudi, msilitupe ganda kabla ya kulisoma.

Ule unato unaobaki juu ya opeka iliyoiva msiufute, resini inauhitaji.

5. Silani ikiwa na ukungu kama maziwa imekufa, itupeni. Vifuniko vya chupa vifungwe papo hapo. Mashine ya mvuke haina kazi yoyote baada ya praima, na nashangaa kwamba bado nalazimika kuliandika hili.

6. Ukigusa kwa bahati mbaya, piga mchanga tena, kidogo, baa chache, mbali na kola. Hakuna aibu. Inachukua dakika mbili.

Leo asubuhi nilimwita kijana wa jana, nikamwambia airudie fremu. Hakubisha. Amepiga mchanga, amepuliza kwa bomba baada ya kulipima kwenye kioo, ameikamata kwa kibano, amevaa glavu mpya. Nikaanza kutabasamu. Halafu akainua mkono, akafuta jasho la uso kwa ile glavu, akaurudisha kuelekea kwenye fremu.

Nikakohoa tu. Akaitazama glavu, akanitazama mimi, akaenda kuchukua nyingine.