Rangi ya dashibodi inabanduka

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Corolla ya mwaka 1997 ambayo plastiki zake za ndani zilikuwa zimepauka kwa jua. Fundi alizipulizia rangi nyeusi, zikapendeza, lakini sasa rangi ya milangoni inabanduka hata kwa kucha, na dashibodi ina vishimo vidogo vya mviringo. Je, rangi ilikuwa mbovu? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, tusiilaumu rangi kabla ya kujua ilipigwa juu ya nini. Vishimo vya namna hiyo kwa kawaida husababishwa na silikoni iliyomo katika polishi nyingi za dashibodi, ambayo huifanya rangi mbichi ijitenge badala ya kutandaa. Silikoni haitoki kwa kupanguswa na kitambaa kikavu. Plastiki ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kukata mafuta, mikunjo yake isuguliwe kwa brashi laini, na ikishakauka ipanguswe kwa dawa ya kuondoa silikoni inayouzwa katika maduka ya rangi za magari. Msasa laini hufuata baada ya hapo. Msasa ukitangulia, huyasambaza mafuta na kuyaingiza katika mikwaruzo.

Kubanduka kuna sababu nyingine. Vua kipande kimoja utazame mgongoni mwake, kwani mara nyingi utakuta herufi zinazotaja aina ya plastiki. ABS hushika rangi vizuri, ingawa thina kali huiyeyusha, kwa hiyo rangi ya zamani usiitoe kwa thina. PP, kwa upande wake, huikataa rangi isipopakwa kwanza praima maalumu ya plastiki, yaani rangi ya chini ya kushikisha. Sehemu za vinaili, yaani plastiki laini inayofanana na ngozi, kwa kuwa hukunjika, zinataka rangi ya vinaili, maana rangi ya bodi hukauka ikawa ngumu na kupasuka.

Rangi yote iliyolegea iondolewe, kisha ya kupuliza ipigwe kwa tabaka nyembamba tatu hivi, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, na siku ya mvua kazi iahirishwe, kwa sababu unyevu huweza kuifanya rangi iwe na ukungu mweupe. Kwa dashibodi chagua rangi isiyong'aa. Inayong'aa hujiakisi kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Kifuniko cha usukani chenye herufi SRS kisipakwe kitu, kwa kuwa nyuma yake pana mfuko wa hewa unaopaswa kukipasua mara moja ajali inapotokea.