Mdaiwa akifilisika, gharama ya wakili hurudi?

Nilimshtaki kontrakta hapa Nakuru nikashinda: deni Sh340,000 na gharama za kesi Sh60,000. Hakulipa, nikaomba mahakama imtangaze mufilisi. Sasa wakili ananidai Sh90,000 nyingine. Nitarudishiwa?

Hizo ni gharama za aina mbili, na ukizichanganya utaumia. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaweka gharama za aliyeleta ombi la ufilisi katika daraja la kwanza la malipo, nyuma ya ada na matumizi ya msimamizi wa mali. Hapo ndipo Sh90,000 zako zinapoingia. Zile Sh60,000 za kesi ya awali hazina upendeleo wowote: unazijumlisha na deni, zinakuwa Sh400,000, kisha unapanga foleni na wadai wasio na dhamana, yaani wasioshika mali yoyote ya mdaiwa kama rehani.

Kwa hiyo mwambie wakili aandike bili ya ombi la ufilisi peke yake. Akitia humo barua na vikao vya kesi ya kwanza, msajili wa mahakama anayekadiria bili atavikata. Hata bili safi hulipwa kwa kiasi kinachostahili tu. Ikikadiriwa Sh65,000, zile Sh25,000 zinabaki mzigo wako. Usiporidhika na makadirio, una siku 14 za kumwandikia msajili ukitaja vipengele unavyopinga na kuomba sababu zake.

Jambo hili lingefaa kutangulia yote: je, kontrakta huyo ana mali iliyo huru? Fanya upekuzi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi, angalia logibuku ina jina la nani, na utafute kwenye sajili ya dhamana za mali inayohamishika kupitia eCitizen. Benki iliyoshika ploti yake hujilipa kutokana na ploti hiyo kabla yako, hata kama wewe ndiwe uliyeleta ombi.

Kampuni iliyoniajiri Kisumu inafilisiwa. Nadai mishahara ya miezi saba, Sh60,000 kila mwezi.

Mishahara iko daraja la pili, lakini ni ya miezi minne tu kabla ya ufilisi kuanza, na haivuki Sh200,000 kwa kila mfanyakazi. Miezi yako minne ni Sh240,000, hivyo Sh200,000 zinapata upendeleo. Sh40,000 zilizozidi na Sh180,000 za miezi mitatu ya nyuma ni deni la kawaida. Wasilisha madai yote Sh420,000 kwa mfilisi, yaani anayesimamia ufilisi wa kampuni, pamoja na payslip na taarifa za benki. Wengi hudai ile sehemu yenye upendeleo na kuisahau iliyobaki. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ambayo mwajiri hakuipeleka KRA iko daraja la tatu, nyuma yenu.

Sisi ni wakulima wa miwa Kakamega. Kiwanda kikifilisiwa, hatuhesabiwi kama wafanyakazi?

Hapana, na inauma. Mkulima aliyepeleka miwa ni mdai asiye na dhamana. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mdai mwenye dhamana, mwaka wa 2019, aliyemteua alikuwa benki. Kinga mliyo nayo ni hii: dhamana inayoelea, yaani ile inayoshika bidhaa ghalani na mali nyingine inayobadilika, hukatwa asilimia 20 ya mali halisi kwa ajili ya wadai kama nyinyi. Dhamana ya kudumu, kama ile ya ardhi, haikatwi. Hifadhini risiti za mizani; bila hizo ni vigumu kuthibitisha tani mlizopeleka.

Madalali wamekamata posho mill ya mdaiwa wangu Bungoma lakini hawajainadi. Leo ametangazwa mufilisi.

Utekelezaji ambao haukukamilika kabla ya amri haukupi haki ya kubaki na mashine. Inaingia katika mali ya wadai wote. Wasimamishe madalali leo, kisha uwasilishe deni lako kwa msimamizi.

Nadai Sh180,000 Kitale. Naweza kuomba mtu atangazwe mufilisi?

Peke yako hapana. Kiwango kwa mtu binafsi ni Sh250,000. Tafuta mdai mwingine mlete ombi pamoja, deni lenu likijumlishwa lifike hapo. Mkitumia njia ya ilani ya kudai deni, mpeni siku 21 kwanza, na muweke ushahidi kwamba aliipokea.