Muulize aliyeshika kamba

Kila Julai ikiingia, simu yangu hujaa ujumbe wa watu wa Tanga wanaotaka kwenda Nane Nane, maonesho ya wakulima na wafugaji. Nimekuwa bwana mifugo miaka mingi. Nimesimama ndani ya banda nikieleza, na baada ya kustaafu nimelipa kiingilio kama wengine. Haya hapa machache niliyoona yawafae wengi. Majina nimeyaficha, mitaa nimeiacha.

Shikamoo Mzee. Nataka kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka sita na tisa, wakaone ng'ombe wakubwa na simba. Ni lazima twende mpaka Morogoro? Na siku gani ni nzuri? (Mama wawili, Chumbageni)

Marahaba mama. Maonesho ya kanda yetu ndiyo hayo ya Morogoro. Tanga tumo Kanda ya Mashariki pamoja na Pwani, Dar es Salaam na wenyewe Morogoro, na viwanja ni vile vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Yale ya kitaifa huhamahama: mwaka 2022 na 2023 yalikuwa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, 2024 na 2025 yakawa Nzuguni, Dodoma. Kwa watoto wadogo Dodoma ni mbali. Morogoro inatosha.

Mabanda hufunguliwa tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8. Kama una hiari, kilele usiende. Siku hiyo ni sikukuu, wakubwa wanakuja na misafara yao, na mtoto wa miaka sita ataona migongo ya watu tu. Nenda kati ya tarehe 3 na 6, uingie asubuhi wanyama wakiwa wamelishwa karibuni na wenye mabanda hawajachoka kusema. Simba, kama mwaka huo wameletwa, waanzie wao kabla foleni haijawa ndefu. Mchana simba amelala, na mtoto atakuuliza kwa nini umemleta kutazama manyoya.

Njia unaijua: Muheza, Segera, hapo mnakata kushoto, Kabuku, Mkata, mto Wami, Chalinze, kisha kulia kuelekea Morogoro. Usijidanganye kwenda na kurudi siku moja na watoto. Laleni. Asubuhi za Agosti chini ya Uluguru ni baridi kwa mtoto wa pwani, kwa hiyo sweta lisikosekane. Na kila mtoto mtilie mfukoni kikaratasi chenye namba yako ya simu, hata huyo wa tisa anayesema anaijua kwa kichwa. Akipotea ataisahau.

Mzee, mwaka jana nilimwona ng'ombe pale wakasema anatoa lita 25 kwa siku. Nikatafuta mtamba wa aina hiyo hiyo, amezaa, ananipa lita sita. Nimetapeliwa? (Mfugaji, Pongwe)

Huenda hukutapeliwa. Huenda uliuliza swali moja ukaacha matano.

Nikupe kisa. Mwaka mmoja nilisimama mbele ya jike la Friesian, jeusi na jeupe, limeoshwa mpaka kwato zinang'aa, na kijana mwenye kipaza sauti anataja lita kama dalali. Nikazunguka nyuma ya banda. Kule nikamkuta kijana mwingine, ameshika kamba, buti zimejaa mavi, anakoroga ndoo. Nikamuuliza, "Huyu wa mbele anakula nini?" Akacheka. "Mzee, huyu anakula kuliko mimi. Pumba na mashudu kilo nane, majani ya matete mzigo mzima, molasesi, na chumvi yake ya jiwe. Maji hatupimi, pipa liko pale." Nikamuuliza amezaa lini. "Wiki ya sita hii."

Sasa hesabu na wewe. Ng'ombe hufika kilele cha maziwa kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, halafu hushuka kidogo kidogo mpaka anapokaushwa, yaani anapoachwa kukamuliwa. Nani ataleta kwenye maonesho ng'ombe wa mwezi wa tisa? Wanaleta aliye kileleni. Ile lita 25 ni ya kweli, lakini ni ya wiki ile. Ungeuliza ametoa kiasi gani tangu azae hadi kukaushwa, na mwenye ng'ombe anayetunza daftari angekuonesha. Asiye na daftari, msikilize kwa heshima kisha endelea na matembezi.

Tukija kwako Pongwe. Ng'ombe wa maziwa anayenyonyesha hunywa maji mengi mno, zaidi ya lita 60 kwa siku, na wa lita 25 hupita hapo kwa mbali. Wewe unampa ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Nimeona zizi lako kwenye picha uliyonitumia. Hapo hata angekuwa ametoka Uholanzi kwa ndege atakupa sita. Mwekee maji muda wote, kivulini. Joto letu la pwani lenye unyevu humfanya Friesian apunguze kula, na asiyekula hakamuliki. Ndiyo maana wafugaji wengi wa Tanga wamebaki na chotara, damu ya nje nusu au robo tatu tu, na wengine wanapenda Jersey, mwili mdogo, anavumilia joto vizuri kidogo na maziwa yake mazito.

Halafu kupe. Huyo wa maonesho anaogeshwa kwa ratiba. Ndigana kali ikimpata mtamba wako, hata akipona, maziwa hayarudi kama yalivyokuwa. Ogesha, na muulize bwana mifugo wa kata kuhusu chanjo ya ndigana. Ipo.

Kama damu ndiyo unayoitaka, nafuu ipo kuliko kununua mtamba: uhimilishaji, yaani kumpandikizia ng'ombe mbegu bila dume. Mbegu za madume bora hutoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, mtaalamu anakuja na mtungi wake mpaka zizini. Unabaki na ng'ombe wako aliyezoea Pongwe, ndama anakuwa wa daraja la juu. Inachukua miaka, najua.

Nikavae nini? (Binti, Ngamiani)

Viatu vya kufunika vidole, mwanangu. Kule ni vumbi na mavi ya ng'ombe. Baibui jeupe liache kabatini.

Nilinunua vifaranga 30 siku ya mwisho ya maonesho, nikaja nao Tanga ndani ya boksi. Ndani ya siku kumi wamekufa wote, na kuku wangu wa kienyeji kumi na mbili nao wamewafuata. Ni dawa gani ningewapa? (Kijana, Makorora)

Pole sana. Umeeleza kuwa walianza kuhema mdomo wazi, wakaharisha kijani, wengine shingo ikapinda. Kwa mbali siwezi kuapa, ila maelezo yako yananuka mdondo, ule ugonjwa wa kuku wanaouita pia kideri. Na mdondo hauna dawa. Antibiotiki uliyonunua imetajirisha duka tu. Mdondo una chanjo: tone moja jichoni, kuku mmoja mmoja, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na chanjo yenyewe ni ya bei ya chini. Kinachowashinda watu ni kwamba kichupa kimoja ni cha kuku wengi, mtu ana kumi anaona hasara. Unganeni majirani watano, chanjeni siku moja.

Kosa lako la pili ni la watu wengi, nami nalisema kila mwaka. Viwanja vya maonesho, kwa siku nane, ni mahali kuku wa mikoa minne wanapumua hewa moja. Kila aina ya kuku ipo: Kuuchi wa huyu, Sasso wa yule, Kuroiler wa mwingine. Ukinunua siku ya mwisho, unanunua na alichoambukizwa kwa jirani. Mimi maoneshoni sinunui kuku kabisa. Nachukua namba ya mwenye shamba, naagiza mwezi wa tisa, wanatoka shambani kwake moja kwa moja. Na ndege yeyote mgeni anakaa peke yake wiki mbili, mbali na wenyeji, na wewe unawahudumia wenyeji kwanza, mgeni mwisho. Hata akiwa zawadi ya mama mkwe.

Banda lako lisafishe, lipige dawa, liache tupu kwa majuma kadhaa kabla ya kuanza tena.

Mwanangu wa kike anaishi Dallas, Marekani. Amenitumia picha yuko kwenye maonesho ya wanyama, anasema ni ya "vuli", na kuna sanamu kubwa la siagi. Siagi ya kupaka mkate? Na mbona maonesho wakati wa mvua? (Mstaafu, Raskazone)

Mzee mwenzangu, umenichekesha. Siagi kweli. Maonesho hayo ya jimbo la Texas ni ya zamani, yalianza 1886, hufanyika Dallas kuanzia mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba, na kila mwaka mchongaji hutengeneza sanamu la siagi likakaa ndani ya kabati la baridi. Mimi nikiliona nitafikiria vitumbua.

Hiyo vuli ndiyo iliyokuchanganya. Sisi vuli ni mvua ndogo, Oktoba hadi Desemba. Wao wenye majira manne, waliotufanyia tafsiri walikopa neno letu wakalipachika kwenye msimu wa majani kupukutika, joto likiwa linaondoka. Kwao huo ndio wakati mavuno yameingia ghalani na mnyama amenenepa kwa majani ya msimu wao wa joto. Sasa angalia sisi: mahindi ya masika yamevunwa, kipupwe kinapuliza, barabara kavu, na Agosti ndiyo hiyo. Sababu ni ile ile, kalenda mbali mbali. Zamani hata sisi siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe iliyozaliwa TANU mwaka 1954. Miaka ya 1990 wakulima wakahamishiwa Nane Nane, Saba Saba ikabaki ya biashara.

Mwulize binti yako kuhusu jambo moja nililolipenda kulisoma: kule watoto wa shule hufuga ndama au mbuzi wenyewe, wakamleta maoneshoni, akapimwa na majaji, kisha akanadiwa. Mtoto anaondoka na fedha za ada, na macho mekundu kwa kulia. Laiti shule zetu za Handeni na Kilindi zingefanya hivyo kwa mbuzi tu.

Nina wanafunzi 40 wa darasa la sita. Nauli ya Morogoro haipo. Je, Tanga yenyewe hakuna cha kuwaonesha? (Mwalimu, Muheza)

Mwalimu, umekaa juu ya maonesho na unatafuta maonesho! Hapo Mlingano, jirani yako, kuna kituo cha utafiti wa mkonge, na mkonge mseto unaojulikana kwa namba 11648 ulizaliwa pale. Andika barua mapema, omba siku.

Waanzie na hadithi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani, na kutoka hapo ndipo yakatoka mashamba yote haya ambayo babu za wanafunzi wako walikata majani. Mpe kila mtoto ahesabu vijiti 62, avione vilivyo vichache. Kisha wapeleke kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, inayofanya kazi, waone jani linaingia kijani na singa, yaani nyuzi zake, inatoka nyeupe, na waangalie rundo la makapi. Singa ni kama sehemu nne tu kwa mia ya jani. Hapo somo la asilimia umelimaliza bila ubao.

Kwa wanyama, upande wa Tanga mjini kuna kampasi ya mafunzo ya mifugo ya Buhuri, na kuna kituo cha utafiti wa mifugo. Nako barua kwanza. Na kwa watoto wa bara wasioijua bahari, waambie habari za silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka mamilioni ya miaka, wavuvi wetu wakawa wanamvua. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa hapa Tanga mwaka 2009.

Usisahau sabuni na dumu la maji. Mtoto akishashika ndama hali kitu kabla ya kunawa, na maziwa mabichi asionje hata akikaribishwa. Yachemshwe. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humpata binadamu pia, na homa yake haiishi haraka.

Kwenye banda moja wanauza mashine ya kukatia majani, wanasema bei ya maonesho tu. Ninunue? (Mama mfugaji, Mabawa)

Mimi nilinunua. Mwaka gani sisemi, banda gani sisemi. Kisu kilivunjika wiki ya tatu, na ile namba ya simu kwenye risiti ilikuwa haipatikani tangu tarehe 9 Agosti. Uliza vipuri vinapatikana wapi Tanga, mtaa gani, duka gani, na umpigie mwenye duka ukiwa umesimama pale pale. Waambie waiwashe na uikatishe wewe matete mabichi kwa mkono wako, maana majani makavu laini waliyoyaandaa wao hukatika hata kwa panga butu.

Eti mbuzi wa maonesho huuzwa rahisi jioni ya mwisho? (Baba, Donge)

Mara nyingine, ndiyo. Mwenye mbuzi anakwepa gharama ya kumrudisha. Lakini utahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo, na usafiri wake. Mbuzi wa maziwa wa Mgeta, kule milimani Morogoro, ni wazuri. Asili yao ni wa Norwe walioletwa miaka ya 1980. Ila wamezoea baridi, na Donge si Mgeta.

Na wala usijaribu kumpandisha basi la abiria. Mimi nilijaribu, nimemfunga kwenye gunia kichwa nje, nikamwambia kondakta ni mchele. Tulifika salama mpaka Mkata, ndipo mchele ukalia.