Fundi ameniambia pampu ya mashine ya kuosha vyombo imekufa. Nikubali?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninaishi Kigamboni, si mbali na ufukwe. Maji yetu ni ya kisima kifupi kilichopo uani, yanapandishwa kwenye simtanki juu ya mnara wa kama mita tatu. Mwaka jana nilinunua mashine ya kuosha vyombo iliyotumika kutoka Ulaya. Miezi ya mwanzo sikuwa na neno nayo. Sasa glasi zinatoka na ukungu mweupe, sahani za rafu ya juu zinabaki na uchafu, na wiki hii imeanza kusimama kabla ya kumaliza huku maji machafu yametuama chini. Fundi aliyekuja aliisikiliza kidogo tu, akasema pampu imekufa na bodi (kibao cha umeme kinachoiongoza mashine) nayo iko njiani kufa. Nitoe hela?

JIBU: Usitoe bado, dada. Pampu ya kutoa maji hufa, sikatai, lakini hukumu ya pampu haitolewi kwa masikio. Tena pampu iliyokufa haiwezi kuzitia ukungu glasi zako. Nikiyasoma malalamiko yako matatu kwa pamoja, mimi ninaitilia shaka hali ya maji ya nyumba yako kabla ya mashine. Nianze na hayo yaliyotuama, kwa kuwa ndiyo yaliyokutisha.

Kwanza kumbuka kama umeme ulikatika siku ile. Umeme ukienda katikati ya kazi, maji hubaki chini, na mwenye mashine akifungua mlango anadhani imeharibika. Mashine nyingi huendelea zilipoishia umeme ukirudi, mradi hakuna aliyebonyezabonyeza vitufe. Yako ikigoma, shikilia kitufe cha kuanza upya kwa sekunde kama 3 (kwenye baadhi ya mashine ni vitufe viwili kwa pamoja), funga mlango, uisikilize. Maji yakitoka yote, basi pampu ni nzima na hoja ya kuinunua imekwisha.

Yasipotoka, chomoa plagi, funga koki ya maji, toa rafu ya chini, uyachote kwa kikombe na kumalizia kwa sifongo. Katikati ya sakafu ya mashine utaona chujio. Lizungushe kinyume cha mwendo wa saa, litatoka. Kwenye majiko yetu ya pwani mkosaji mkubwa ni machicha ya nazi: nyuzi zake ndogo zinapenya tundu za juu, zinanasa kwenye wavu mwembamba wa ndani, kisha mafuta yanazigandisha mpaka maji hayapiti. Ugali nao unavimba humo na kuwa gundi. Lisugue kwa maji ya moto, sabuni ya kawaida na mswaki laini. Steelwool iache kando, inaharibu wavu. Kwa familia inayokula nazi mara kwa mara, mimi nasema chujio lioshwe kila wiki, hata kama kitabu cha mashine kinataja muda mrefu zaidi. Huna haja ya kuosha vyombo kabla ya kuvitia, ila vikwangue.

Chujio likitoka, mulika shimo lililo chini yake kwa tochi kabla ya kuingiza kidole. Glasi zikivunjika humo, vipande vinakaa hapo hapo. Pembeni ya shimo kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kibenue kwa mpini wa kijiko na utaiona impela ya pampu, yaani kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji. Hapo ndipo zinapojificha miba ya samaki, vijiti vya meno, mbegu za ndimu na vipande vya lebo za chupa. Ondoa ulichokuta, kisha igeuze impela kwa kijiti. Itageuka kwa kurukaruka, inashika na kuachia, na wengi wakiona hivyo wanasema pampu imekwama. Haijakwama. Ndani kuna sumaku, na hiyo ndiyo tabia yake. Ubaya ni ikiwa haigeuki kabisa, au inayumba huku na huku kwa kuwa mhimili umelika. Rudisha kifuniko mpaka kilie, kwa sababu kikikaa vibaya pampu haivuti. Na ukiona maji masafi kidogo yamebaki kwenye shimo hata baada ya mashine kumaliza vizuri, yaache, ndivyo ilivyoundwa.

Baada ya hapo fuata mpira wa kutoa maji. Uchomoe unapoingia kwenye bomba la sinki, uelekeze kwenye ndoo, uamuru mashine itoe maji. Yakija kwa nguvu, mashine yako haina kosa, bomba la sinki ndilo limeziba kwa mafuta na anayetakiwa ni fundi bomba. Yakija kwa kudondoka, mpira umekunjika nyuma ya kabati au umejaa utando kwa ndani. Unapourudisha, hakikisha unapanda kwanza kabla ya kushuka. Watengenezaji wengi wanataka sehemu ya juu kabisa iwe kati ya sentimita 40 na 100 kutoka sakafuni. Mpira ukilazwa chini, maji ya sinki yanarudi ndani ya mashine.

Hukuniambia kama kioo cha mashine kinaonyesha namba, nayo ingenisaidia sana. Kwa Bosch, E24 ni maji kushindwa kutoka, E18 ni maji kushindwa kuingia, na E15 ni maji yaliyovuja kwenye sinia la chini kabisa. Kwa LG, OE ni kutoka na IE ni kuingia. Ile ya kuvuja inawachanganya wengi: kuna boya dogo kwenye sinia, likielea tu mashine inakataa kazi na pampu inanguruma bila kupumzika. Mara nyingi kilichopeleka maji huko ni povu, baada ya mtu kuishiwa sabuni ya mashine akatia ya maji ya kuoshea kwa mkono. Hiyo usiitie kamwe, hata kijiko kimoja.

Sasa tuje kwenye glasi. Chukua moja yenye ukungu, isugue kwa kipande cha limau. Ikitakata, ule weupe ni gamba la chokaa, lile lile linaloganda ndani ya birika lako. Isipotakata hata kidogo, kioo chenyewe kimelika na hakirudi, na chanzo huwa ni kinyume: maji laini mno, sabuni nyingi, moto mkali. Kwa kisima cha ukanda wa matumbawe nina hakika kiasi kwamba yako ni chokaa. Kipimo kingine unacho bafuni. Kama sabuni ya mche inakataa kutoa povu kwa maji ya kisima lakini kwa maji ya mvua inatoa mara moja, maji yako ni magumu.

Mashine za Ulaya karibu zote zina dawa ya jambo hili ndani yake. Chini, kando ya chujio, kuna mfuniko wa kuzungusha, na humo ndimo inamotiwa chumvi. Chumvi hiyo haigusi vyombo. Inasafisha punje maalumu zinazonyonya kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye maji. Chumvi ikiisha, punje zinashiba, na maji magumu yanaingia yalivyo. Miezi michache mizuri kisha ukungu: hiyo ni picha ya mashine iliyouzwa na chumvi kidogo ndani, na mnunuzi hakuambiwa. Kama tangki hilo limekauka kabisa, tia maji karibu lita moja kwanza, halafu chumvi mpaka ijae, ufute iliyomwagika na kuiendesha mashine papo hapo. Chumvi ikilala juu ya chuma usiku kucha inaweza kukila. Kisha panga kiwango cha ugumu wa maji kwenye mipangilio, maana mwenye mashine wa zamani aliipanga kwa maji ya mji wake na si ya Kigamboni.

Najua utaniuliza: chumvi gani? Nunua ile ya mashine, yenye chembe kubwa. Ya mezani imetiwa madini joto na dawa za kuzuia kugandamana, na chembe zake ndogo zinafanya tope humo. Ya mawe inayovunwa kwenye mabwawa ya pwani ni rahisi, ila inakuja na mchanga pamoja na magnesiamu ile ile tunayoikimbia. Na tafadhali mtu asikosee akamwaga sabuni kwenye tangki la chumvi. Hapo kifaa chote cha kulainisha maji kinaharibika.

Kuna hali moja ambayo chumvi haiitibu. Onja maji ya kisima. Kama ulimi unasikia chumvi, bahari imeshaingia kwenye kisima, jambo la kawaida kwa visima vifupi vya karibu na ufukwe. Kifaa kile kinaondoa ugumu, hakiondoi chumvi, na maji hayo yataacha madoa na kutia kutu hata chuma kinachosemekana hakishiki kutu. Hapo ushauri wangu ni mmoja: mashine ipewe maji mengine, ya bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) au ya mvua yaliyochujwa, hata ikibidi liwe tangi dogo la peke yake. Haitumii mengi. Mashine ya kisasa kwenye programu ya kubana matumizi inamaliza kazi kwa lita kumi na kitu, au pungufu.

Rafu ya juu haitakati kwa sababu ya gamba hilo hilo. Vua yale mapanga mawili yanayozunguka na kurusha maji: la chini huvutwa juu, la juu mara nyingi lina nati ya kufungua kwa mkono. Zibua kila tundu kwa kijiti cha meno, yaloweke kwenye maji ya moto yenye unga wa asidi ya sitriki, yasuuze. Kisha tia vijiko vikubwa vitano au sita vya unga huo ndani ya mashine tupu, bila sabuni, uiendeshe kwa programu ya moto zaidi. Siki inafanya kazi, lakini ukiizoesha inachosha raba. Jiki usiitie kabisa, na usithubutu kuichanganya na asidi, hewa inayotoka ni sumu. Unapopakia vyombo, zungusha mapanga kwa mkono uone hayagongi mpini wa kikaango. Na sufuria za alumini osha kwa mkono, sabuni ya mashine inazifanya nyeusi.

Mnara wako nao ninautilia shaka. Maji yakiwa juu kwa mita kumi yanatoa shinikizo la takriban bar 1, kwa hiyo mita tatu ni bar 0.3, na mashine nyingi za Ulaya zinataka angalau 0.5. Weka ndoo ya lita 10 chini ya koki ya mashine, uifungue yote. Ikizidi dakika moja kujaa, maji hayatoshi, na mashine itachoka kusubiri na kusimama. Kabla ya kununua pampu ndogo ya kuongeza presha, fungua mpira wa kuingiza maji upande wa koki na usafishe wavu uliomo, mchanga wa kisima hukaa hapo. Mpira wenye kisanduku kikubwa mwishoni una waya za umeme ndani: usiukate wala kukizamisha kisanduku majini.

Umeme nitaupitia haraka. Hita ya mashine inaweza kuvuta wati 2,000 na zaidi, yaani karibu ampea 9 au 10. Kile kikinga cha friji cha ampea 5 hakiifai, kitaungua. Tumia cha ampea 13 au zaidi, kwenye soketi ya peke yake yenye waya wa ardhi.

Ukishafanya haya na maji bado hayatoki, mwite fundi, ila aje na mita ya kupimia umeme. Pampu nyingi za volti 230 zikiwa nzima zinasoma kati ya omu 100 na 250. Mita isiposoma kitu, pampu imekatika, nunua. Ikisoma vizuri, na volti 230 zinaifikia wakati wa kutoa maji lakini haizunguki, nunua pia. Volti zisipofika, kosa liko kwenye waya au bodi, na pampu mpya haitabadilisha kitu. Mwambie apime mbele yako, na pampu ya zamani ibaki kwako.